Mali Bila Daftari: Somo la Ghala la Ufuta kwa Vitu Vyetu vya Geto

Kila mwaka ikifika mwezi wa saba, kampasi zetu hugeuka soko. Mtihani wa mwisho unaisha asubuhi, na kufikia jioni magodoro yameshatolewa nje, feni zinauzwa kwenye varanda, ndoo zimepangwa kando ya njia. Msimamizi wa hosteli anataka vyumba viwe vitupu. Mtaani nako mwenye nyumba anataka moja kati ya mawili: kodi ya miezi inayokuja au funguo zake. Kuanzia hapo hadi chuo kifunguliwe Oktoba au Novemba kuna takriban miezi mitatu, na bumu la chakula na malazi, ambalo tangu 2022 limekuwa likihesabiwa shilingi 10,000 kwa siku, halisomi tena. Yaani hela hakuna, chumba hakuna, na vitu vipo.

Kwa mwenzetu ambaye kwao ni Temeke au Kinondoni, jambo hili si kubwa. Anaita kirikuu, anapakia, kesho yupo nyumbani. Sisi wa Pwani ya Kusini hesabu yetu ni nyingine. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni takriban kilomita 300, na hadi Lindi mjini ni takriban 450. Anayekwenda Kilwa kwa basi la Lindi au Mtwara hushushwa Nangurukuru, kisha atafute gari lingine la kumpeleka Kivinje au Masoko. Kila kituo ni kupakia, kushusha na kulipia mzigo. Godoro likifika nyumbani limeshagharimu nusu ya bei yake, halafu Oktoba lirudi tena kwa njia ileile.

Kwa hiyo wengi wetu tunaacha vitu. Tunaacha kwa rafiki, kwa binamu, kwa mama ntilie, kwenye stoo ya hosteli. Na kila mwaka kuna watu wanarudi na kukuta nusu. Nimewasikiliza wenzangu wengi wakilalamika, na kilio kikubwa ni kwamba tunakosa sehemu za kuwekea vitu. Mimi sikubaliani nacho. Sehemu huwa zinapatikana. Kinachokosekana ni maandishi: nani kapokea nini, kikiwa katika hali gani, kwa gharama gani, hadi lini. Wahenga walishalisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika makala hii nataka tujifunze jambo hilo kwa watu wanaolifanya kila msimu, nao ni wakulima wa ufuta na korosho wa Lindi.

Ghala linafanyaje kazi

Wakati sisi tunakesha na mitihani ya semista ya pili, mkoani Lindi ndio msimu wa minada ya ufuta. Tunaporudi chuoni Oktoba, ndipo minada ya korosho inapoanza. Likizo yetu ndefu iko katikati ya misimu hiyo miwili. Na mazao yote mawili hupita kwenye utaratibu mmoja, mfumo wa stakabadhi ghalani.

Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilitungwa mwaka 2005. Kwenye korosho mfumo ulianza kutumika msimu wa 2007/2008 mkoani Mtwara, kisha ukaenea mikoa mingine na mazao mengine. Kwa ufupi mambo huenda hivi. Mkulima anapeleka mzigo wake kwenye chama cha ushirika cha msingi, ile tunayoiita AMCOS. Mzigo unakaguliwa: mkavu au mbichi, safi au una mchanga. Unapimwa kwenye mzani. Karani anaandika jina, kilo na daraja, na mkulima anapewa karatasi yake. Kutoka hapo mizigo ya wakulima wengi inakusanywa na kupelekwa ghala kuu, ambako mwendesha ghala mwenye leseni naye anatoa stakabadhi ya mzigo aliopokea. Ndipo unakuja mnada, na malipo hurudi kwa kufuata zilezile karatasi.

Angalia kilichofanyika. Gunia la mkulima limechanganyika na magunia ya watu mia. Hawezi tena kulitambua kwa macho. Lakini haki yake haijapotea, kwa sababu haikukaa kwenye gunia. Imekaa kwenye karatasi. Mjomba wangu kule Kilwa hutunza stakabadhi zake kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, na watoto hawaruhusiwi kuugusa. Ufuta wenyewe akishaukabidhi hauulizii tena.

Tusidanganyane, mfumo huu una kelele zake. Wakulima hulalamikia makato, hulalamikia malipo kuchelewa. Lakini hata anayelalamika huenda ofisini ameshika karatasi mkononi. Anajua alikabidhi kilo ngapi, tarehe gani, kwa nani. Karatasi haimalizi matatizo yote. Inachofanya ni kumpa mwenye mali mahali pa kuanzia anapodai, na mlango wa kubisha hodi.

Sasa jiulize: mwaka jana ulipoacha vitu vyako, ulikuwa na nini mkononi?

Kilwa na mzigo unaosubiri

Kuacha mali sehemu moja ukisubiri msimu si jambo geni kwenye pwani yetu. Biashara ya Kilwa ya kale ilijengwa juu ya jambo hilohilo. Vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilikuja na kaskazi, upepo unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na vilirudi na kusi, unaoshika kuanzia Aprili. Upepo ukishageuka hakuna anayebishana nao. Mzigo ambao haujapata chombo unabaki pwani hadi msimu mwingine, na mzigo unaobaki unahitaji ghala na mtu wa kuulinda.

Ukienda Kisiwani leo utaona magofu ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Upande wa kusini wa jumba lile kuna uwanja mpana uliozungukwa na vyumba vingi, na wataalamu wa mambo ya kale wamevitafsiri kuwa vyumba vya kuhifadhia na kuendeshea biashara. Mtawala aliishi jirani kabisa na stoo! Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981, na mengi huandikwa kuhusu msikiti mkuu na sarafu za Kilwa. Mimi naona vyumba vile vya uwanja wa kusini navyo vinastahili kutazamwa. Mji wa biashara ulijua kwamba mali inayosubiri lazima iwe na mwenye kuijibia.

Lugha yetu yenyewe ina neno la jambo hilo: amana. Kitu cha amana ni cha mwenzako, kipo kwako, na siku akikihitaji utaulizwa wewe. Sisi wanachuo tumebaki na neno, utaratibu tumeuacha.

Basi tuurudishe, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: chambua

AMCOS haipokei kila kitu. Mzigo wenye mchanga unarudishwa ukapepetwe. Nawe usihifadhi kila kitu. Wiki mbili kabla ya mtihani wa mwisho, andika vitu vyako vyote kwenye karatasi moja, kisha uvigawe mafungu manne.

La kwanza ni vitu vya kusafiri navyo bila mjadala: vyeti vya kidato cha nne na sita, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, kadi ya benki, kompyuta, simu, flashi yenye kazi zako. Hivi haviachwi popote, hata kwa mtu unayemwamini kuliko nafsi yako, kwa sababu vikipotea hata mtu mwaminifu hawezi kukununulia vingine.

La pili ni vitu vya kuhifadhi: godoro, feni, jiko, vyombo, vitabu vya mwaka ujao.

La tatu ni vitu vya kuuza.

La nne ni vitu vya kumaliza au kugawa: unga, mchele, maharage, mafuta. Chakula kilichobaki stoo miezi mitatu kinaita fukusi, na panya akija kwa ajili ya unga hataacha kutafuna godoro.

Kwenye fungu la tatu, la kuuza, naomba tuwe makini sana. Kusini tuna neno kangomba. Ni yule mnunuzi anayempitia mkulima nyumbani wakati wa shida, kabla ya msimu, na kununua korosho kwa bakuli, kwa bei ya kutupa, kwa sababu anajua mtoto anaumwa au ada inadaiwa. Serikali inaipiga vita biashara hiyo kila mwaka. Sasa angalia getini kwetu siku ya mwisho wa mtihani. Anasimama jamaa na guta lake. Anajua basi lako linaondoka kesho alfajiri. Anajua umechacha. Godoro la maana analitajia bei ya sahani chache za chipsi mayai, na wewe unapokea. Oktoba godoro hilohilo linauzwa kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa bei mara tatu. Hiyo ndiyo kangomba ya chuoni. Dawa yake ni ileile wanayoambiwa wakulima: usiuze ukiwa umebanwa. Anza kutangaza mwezi wa sita, uza kwa wanaobaki, na kama unamaliza mwaka wa tatu, kubaliana na wa mwaka wa kwanza mapema alipe kidogokidogo.

Hatua ya pili: piga hesabu

Watu wengi huamua kwa huruma. "Feni hii nimeizoea." Tuamue kwa hesabu. Kwa kila kitu jiulize maswali mawili. Nikiuza leo na kununua kingine Oktoba, nitapoteza kiasi gani? Nikikihifadhi, kitanigharimu kiasi gani? Kama hasara ya kuuza ni kubwa kuliko gharama ya kuhifadhi, hifadhi. Kama ni ndogo, uza.

Tuchukue mfano, bei ni za kufundishia tu. Godoro ukiliuza leo unapata 30,000. Oktoba la namna hiyo unanunua 90,000. Hasara ni 60,000. Tuseme mmejichanga watu sita mkabaki na chumba kimoja cha geto, kodi 60,000 kwa mwezi. Miezi mitatu ni 180,000, kila mmoja 30,000. Hapo godoro peke yake limeshalipia nafasi yako, na vitu vidogo vinakaa humohumo bure. Hifadhi.

Meza ya mbao sasa. Ukiuza leo 15,000, Oktoba unanunua 40,000. Hasara 25,000. Lakini meza inakula nafasi ya watu wawili, wenzako wanataka uongeze 15,000, na guta la kuipeleka na kuirudisha ni 20,000. Jumla 35,000. Iuze, au mwachie anayebaki.

Hesabu hii inafanya kazi pia kwa wazo la kusafirisha. Jumlisha nauli ya mzigo kwenda na kurudi, vibarua wa stendi, na gari la pili kutoka Nangurukuru. Ukikuta jumla inazidi bei ya kununua upya, tayari una jibu. Tena barabara yetu ya Kusini ni moja. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara eneo la Somanga, abiria wa Lindi na Mtwara walikwama pande zote mbili. Siku kama hiyo mwenye begi moja mgongoni anapata njia. Mwenye godoro, sanduku la bati na ndoo tatu hawezi hata kusogea.

Hatua ya tatu: tafuta mtu kabla ya chumba

Ghala bila mwendesha ghala ni jengo tu. Ukiuliza "nitaweka wapi?" umeanza na swali la pili. La kwanza ni "nani atajibu?"

Mtu huyo awe anabaki kweli. Rafiki ambaye naye anasafiri wiki mbili baadaye atamkabidhi mwingine, na huyo mwingine humjui. Awe na mamlaka juu ya mahali penyewe: binamu anayeishi kwa shemeji yake hawezi kukuhakikishia chochote, shemeji akitaka chumba vitu vyako vinahamia uani. Ongea na shemeji mwenyewe, tena kwa heshima, na usiende mikono mitupu.

Kama ni stoo ya hosteli, uliza kabla ya kupeleka. Inafunguliwa lini na nani? Vitu vinaandikwa kwenye rejista? Kuna tarehe ambayo visipochukuliwa vinatolewa? Hosteli moja ya mtaani, jina nalihifadhi, iliwahi kupokea vitu vya wanafunzi kwa maneno tu. Likizoni walipata wapangaji wa muda mfupi, mabegi yakatolewa koridoni, na wenye mabegi waliporudi kila mfanyakazi alisema hakuwa zamu siku ile.

Na kama ni geto la kuchangia, mjue ufunguo anao nani. Sita wenye funguo sita ni sawa na mlango ulio wazi. Ufunguo uwe mmoja au miwili, na kila anayeingia aandike.

Hatua ya nne: andika stakabadhi

Hapa ndipo tunapoona aibu. "Huyu ni mshikaji wangu, nimwandikishe kama karani?" Mimi nasema umwandikishe hasa kwa sababu ni mshikaji wako.

Wasichana wawili wa mwaka wangu, marafiki tangu kidato cha tano, waligombana kwa sababu ya feni. Mmoja aliiacha kwa mwenzake. Mwenzake, joto likimzidi, akaitumia. Mwezi wa tisa ikaungua. Mwenye feni akasema, "Nilikuachia uitunze." Aliyeachiwa akasema, "Hukuniambia nisiiwashe, halafu ilikuwa inapiga kelele tangu mwanzo." Wote wawili walisema kweli. Feni iliungua mara moja, lakini urafiki uliungua muhula mzima, na hakuna aliyekuwa na njia ya kuonyesha walikubaliana nini.

Msidhani jambo hili ni la urafiki tu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu inayohusu mali iliyokabidhiwa kwa mtu mwingine aitunze na kuirudisha. Inamtaka aliyepokea aitunze kwa uangalifu ambao mtu mwenye busara ya kawaida angeutumia kwa mali yake mwenyewe. Lakini ili mtu adai kwa kanuni hiyo, lazima kwanza aonyeshe alikabidhi nini.

Stakabadhi ya geto haihitaji mwanasheria. Inatosha nusu karatasi ya daftari, nakala mbili, yenye maneno kama haya:

*Mimi (jina na simu) leo tarehe (…) nimepokea kutoka kwa (jina na simu) vitu vifuatavyo nivitunze hadi tarehe (…):*
*1. Godoro moja, futi 4 kwa 6, rangi ya bluu, lina doa upande mmoja.*
*2. Feni moja ya kusimama, inafanya kazi, inapiga kelele kidogo. Isitumike.*
*3. Ndoo mbili zenye mifuniko, zimefungwa kwa gundi ya karatasi, ndani vitabu na vyombo. Zisifunguliwe.*
*4. Jiko la mkaa moja. Linaweza kutumika.*
*Gharama tuliyokubaliana: (…). Imelipwa / italipwa tarehe (…).*
*Mwenye vitu asipofika hadi tarehe (…) bila taarifa, tumekubaliana kwamba (…).*
*Sahihi za wote wawili na shahidi mmoja.*

Vifungu vinne hapo usiviruke. Hali ya kitu, ili doa la zamani lisigeuke kesi mpya. Ruhusa ya kutumia au kutotumia, kwa kila kitu peke yake. Gharama, hata kama ni "bure", iandikwe bure. Na tarehe ya mwisho pamoja na kitakachofuata, kwa sababu anayetunza naye ana haki zake. Si vizuri kumgeuza mtu stoo hadi Krismasi. Kisha piga picha karatasi na vitu vyenyewe, mtumiane wote wawili. Simu ikiibiwa karatasi ipo, karatasi ikiliwa na panya picha ipo.

Hatua ya tano: funga kwa ajili ya pwani

Maadui wa mali ya Pwani ni wanne: unyevu, mchwa, panya na mkono wa mtu. Mkono wa mtu tumeshaushughulikia kwa karatasi. Watatu waliobaki wanahitaji kazi.

Julai hadi Septemba ni kiangazi, na hilo linatudanganya. Hewa ya pwani haikauki kabisa, na Oktoba vuli inaweza kuanza Dar ukiwa bado nyumbani. Anika godoro juani siku nzima, pande zote mbili, kabla ya kulifunga. Nguo zifuliwe na zikauke hadi kwenye mishono. Nguo iliyofungwa na unyevu kidogo utaikuta imeota ukungu. Sufuria na pasi zipanguswe, maji yote yamwagwe.

Usiweke kitu moja kwa moja sakafuni wala usikiegemeze ukutani. Panga matofali, weka mbao juu, kisha mzigo. Wakulima hupanga magunia juu ya chaga kwa sababu hiyohiyo: hewa ipite chini, na mchwa akipanda njia yake ionekane. Sanduku la mbao na maboksi ya karatasi ni chakula cha mchwa. Vitabu na madaftari viingie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Ndoo uliyodhani ni mzigo imegeuka sanduku.

Mtungi wa gesi haukai stoo iliyofungwa pamoja na magodoro, na haupandi basi la abiria. Funga valvu, ondoa mpira, na umwachie mtu anayepika kila siku sehemu yenye hewa. Mkubaliane autumie na akurudishie ukiwa na gesi kiasi gani. Lazima lisimame wima, halilazwi. Feni na vifaa vingine vya umeme vichomolewe na waya zikunjwe. Kifaa chenye betri kisiachwe kikiwa kimejaa kabisa wala kimeisha kabisa. Nusu ya chaji inatosha kwa miezi mitatu.

Tunaokwenda kufundisha

Wenzangu wa ualimu tuna mtihani wa ziada. Likizo yetu mara nyingi inaliwa na mazoezi ya kufundisha, na mtu anaweza kupangiwa shule ya Kilwa, Liwale au Nachingwea ambako hana ndugu. Huyu mali yake inagawanyika sehemu tatu: ya kwenda nayo kituoni, ya kubaki, na ya kupeleka nyumbani. Ushauri wangu, kabla ya kusafiri mpigie simu mwalimu anayepokea wanafunzi pale shuleni, kwa adabu, umuulize kama kuna nyumba na kama ina kitanda. Jibu hilo moja ndilo litakaloamua godoro linasafiri au linabaki. Shuka, chandarua, ndoo moja, sufuria moja na vitabu vya somo lako vinatosha kuanzia. Na ile stakabadhi ya vitu ulivyoacha, usiiache chuoni pamoja na vitu. Isafiri nawe.

Ombi kwa serikali ya wanafunzi

Haya yote mtu mmoja anaweza kuyafanya. Lakini mkulima mmoja hakujenga AMCOS. Naomba viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi wafikirie mambo matatu kabla ya mwezi wa saba mwingine. Kwanza, waombe uongozi wa chuo chumba kimoja au viwili vya madarasa visivyotumika likizoni viwe stoo, na mlinzi anayefahamika. Pili, kuwe na rejista moja, kila mzigo na namba yake, mwenye mzigo apewe kipande chenye namba hiyo, na ada ndogo iliyotangazwa mapema, ili asije mtu kuambiwa makato ya ajabu siku ya kuchukua. Tatu, kuwe na siku mbili za mnada wa wazi mwezi wa sita kwa wanaomaliza. Vitu vipangwe uwanjani, bei ziandikwe, wa mwaka wa kwanza na wa pili wanunue mchana kweupe. Yule jamaa wa guta naye anakaribishwa, ashindane bei na wengine.

Mpaka hilo litimie, kazi iliyo mikononi mwetu ni ndogo. Wiki hii chukua karatasi, andika vitu vyako vyote, na weka alama pembeni: nasafiri nacho, nahifadhi, nauza, nagawa. Kisha mtafute mtu atakayejibu, mkae naye, mwandikiane nakala mbili. Kama atacheka, mwambie kwa Kilwa hata ufuta unaandikwa.